Kiti Hiki Kina Mtu

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya kwanza ya mafunzo, katika ukumbi mmoja wa hapa Gongoni, Tabora. Viti ni arobaini, walioingia ni kumi na wawili. Mama mmoja, ofisa maendeleo ya jamii, amekaa safu ya pili. Kiti cha kulia kwake ameweka mkoba, cha kushoto ametandaza mtandio. Kijana aliyetoka wilaya nyingine anamsogelea, anamwamkia shikamoo, anashika mgongo wa kiti chenye mkoba. "Kiti hiki kina mtu, mwanangu," anaambiwa kwa upole kabisa. Kijana anaitikia, "Haya mama," anakwenda kukaa nyuma, karibu na dirisha. Baada ya dakika kumi wenye viti wanaingia. Ni wenzake wa ofisini, aliokuja nao kwenye gari moja. Siku zote tano za mafunzo yule kijana hakutoka dirishani, na yule mama hakuwahi kujua kwamba aliyemkatalia kiti alikuwa ameendesha kwa miaka miwili mradi uleule ambao yeye alikuwa anakwenda kuuanza.

Naendesha mafunzo kazini mwaka wa kumi na tisa sasa, mengi katika mkoa huu wa Tabora, na maneno hayo ya kiti nayasikia karibu kila Jumatatu. Naweka msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana nami ajue pa kuanzia. Washiriki hawajichanganyi kwa sababu wamehimizwa. Wanajichanganya pale viti, kazi na chakula vilipopangwa kwa namna ambayo kumpita mwenzako bila kusema naye kunakuwa kugumu kuliko kusema naye. Mwezeshaji anayesimama mbele na kurudia "jichanganyeni jamani, msikae kimakundi" anawatwika washiriki mzigo ulio wake. Kupanga ukumbi ni sehemu ya kufundisha, sawa na kuandaa mada.

Zamani sikuamini hivyo. Niliona mambo ya nani kakaa na nani ni ya watu wa itifaki, kazi yangu ni somo. Kilichonigeuza ni boksi za dawa. Nilikuwa na kundi la watumishi wa zahanati na vituo vya afya kutoka wilaya mbili zinazopakana. Siku ya nne, baada ya chai ya saa nne, tabibu mmoja akawa anaeleza zoezi la makadirio, akasema kwa kupitia tu kwamba dawa ya mseto ya malaria imemwishia wiki tatu zilizopita na wagonjwa anawaandikia wakanunue. Safu mbili nyuma yake muuguzi wa wilaya ya pili akainua uso. Kwake mseto ulikuwa umejaa rafu nzima, na baadhi ya boksi zilikuwa zimebakiza muda mfupi kufika mwisho wa matumizi. Utaratibu wa kuhamisha dawa kutoka kituo kimoja kwenda kingine upo, na kila mtu pale ukumbini alikuwa anaujua. Kilichokosekana ni watu wawili kusemezana. Walikuwa wamekula wali wa sufuria moja siku tatu, wamepanga foleni moja ya kusaini posho, hawakuwa wamepeana hata majina. Kama yule tabibu asingeropoka lile neno, wangeachana Ijumaa kila mmoja na tatizo lake. Niliwaza sana usiku ule. Katika siku tatu hizo nilikuwa nimewafundisha makadirio vizuri kabisa.

Kwa hiyo tunapozungumzia kuchanganyika hatuzungumzii uchangamfu. Mafunzo yanawakusanya mahali pamoja watu wenye tatizo moja na majibu tofauti. Mengi ya majibu hayo hayamo katika mada ya mwezeshaji, yamo kwenye kichwa cha mtu aliyekaa safu ya tano. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 makala iliyokuja kusomwa dunia nzima, akionyesha kwamba habari mpya, kwa mfano habari ya nafasi ya kazi, humfikia mtu zaidi kupitia watu anaofahamiana nao kwa mbali kuliko kupitia marafiki zake wa karibu. Sababu yake iko wazi ukiifikiri kidogo: rafiki yako wa karibu anajua unayoyajua, mnakaa ofisi moja, mnasikia mambo yaleyale. Anayejua usichokijua ni yule wa mbali. Halmashauri inapolipa nauli, malazi na posho ya kujikimu ili mhasibu wa Kaliua akae siku tano kando ya mhasibu wa Kaliua mwenzake, imelipia maongezi ambayo wangeweza kuyafanya kwao bila gharama.

Basi kwa nini watu wazima, wenye akili zao, wanakaa na waliokuja nao? Wengi hukimbilia kusema ni ukabila, au majivuno. Nimeangalia kwa miaka mingi na sikubaliani. Nimeona Wanyamwezi wa Nzega wakikaa mbali na Wanyamwezi wa Sikonge, wote wakisalimiana *mwangaluka* mlangoni kisha kila kundi likaenda upande wake. Nimeona Mchaga, Mha na Msukuma wameshikamana siku tano kwa sababu wote watatu wanatoka idara moja Urambo. Mpaka unaogawa ukumbi ni gari. Mkoa wetu una halmashauri nane, na umbali kati yao si wa kwenda kwa miguu. Watu huondoka alfajiri kwenye gari moja, wanapata pancha pamoja, wanashuka kunywa chai pamoja, wanachukua vyumba gesti moja, na wanaye mkuu wa msafara anayejua posho italipwa lini. Wakiingia ukumbini wanakaa karibu kama walivyokaa garini: mkubwa mbele, waliobaki wamemzunguka. Safari imekwisha kuwafanya kundi kabla mwezeshaji hajafungua mdomo, na mkoba juu ya kiti ni mwendelezo wa safari hiyo.

Nguvu ya ukaribu wa aina hii watafiti wameipima. Mwaka 1974 Mady Segal alichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo cha polisi cha jimbo la Maryland, Marekani. Chuo kilikuwa kimewapangia vyumba na viti kwa kufuata herufi za majina yao. Baadaye waliulizwa marafiki zao ni akina nani, na mara nyingi wakataja watu ambao majina yao yanakaribiana na ya kwao kialfabeti. Tuiweke hapa kwetu: Maganga angeondoka na urafiki wa Masanja, na Zuberi angebaki na Yusufu, kwa sababu ya orodha iliyochapwa na karani. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani, Mitja Back na wenzake, walieleza jambo la namna hiyo kwa wanafunzi 54 wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu waliopewa viti kwa bahati nasibu katika kikao chao cha kwanza. Mwaka mmoja baadaye urafiki ulikuwa mkubwa zaidi kati ya waliokaa jirani siku ile kuliko kati ya waliokaa mbali. Kikao kimoja tu.

Upande wa pili wa jambo hilo waliuonyesha Paul Ingram na Michael Morris wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 2007. Waliandaa tafrija ya wafanyabiashara na mameneja waliokuwa wanasoma huku wakifanya kazi, wakawavalisha vitambulisho vyenye kifaa cha kurekodi nani amesimama na nani. Kabla ya tafrija watu walisema waziwazi kwamba wamekuja kukutana na wageni. Tafrija ilipoanza, wakaelekea kwa waliokuwa wakiwafahamu tayari. Walimaanisha walichosema, ila nia peke yake haikuwatoa walipokuwa. Ukumbi ulikuwa wazi, vinywaji vipo, hakuna aliyezuiwa, na hakuna kilichowasukuma. Ninapomsikia mwandaaji wa mafunzo akisema "tumewapa muda mrefu wa chai ili wafahamiane" nakumbuka tafrija ile. Muda mrefu wa chai usiopangwa unawapa watu wa gari moja muda mrefu wa kuzungumzia gari lao.

Sisi watu wa Tabora hatuna sababu ya kuliona jambo hili kama elimu ya kutoka ng'ambo. Mji huu umekua juu ya njia ya misafara. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, hapahapa Tabora, mwezi Novemba 1857, walikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na kurudi, maelfu kwa msimu. Biashara yenyewe ilibeba pembe na ilibeba watu waliotekwa, na sitaipamba. Lakini kazi ya njiani iliwalazimisha watu wasiojuana kuishi pamoja kwa miezi, na waliishi kwa mpangilio. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, anaeleza jinsi maisha ya kambi yalivyojengwa juu ya vikundi vidogo vya watu waliolala pamoja na kupika pamoja, na jinsi utani ulivyokua kando ya njia. Chungu kimoja kilihitaji mwenye kuni, mwenye maji na mwenye unga. Mtu aliyekosekana alionekana, kwa sababu kazi yake haikufanyika.

Na utani! Mnyamwezi na Mzaramo hadi leo wakikutana msibani huko Dar es Salaam watatukanana mbele ya maiti na hakuna anayekasirika. Watoto wetu wanadhani ni mzaha tu. Ulikuwa zaidi ya mzaha. Mgeni aliyefika kwa watani wake aliweza kuomba chakula na mahali pa kulala, na akifa ugenini alikuwa na wa kumzika. Hakuna aliyeambiwa awapende Wazaramo. Aliambiwa: huyu ni mtani wako, una haki ya kumchukulia kitu, naye ana haki hiyohiyo juu yako. Uhusiano uliwekwa kwanza kama haki na wajibu, mazoea yakaja yenyewe nyuma yake. Mafunzo yetu mengi yamegeuza mpangilio huo kichwa chini: tunataka watu wapendane asubuhi kwa nyimbo, tukitumaini kwamba mchana watafanya kazi pamoja.

Serikali yetu nayo iliwahi kulielewa hili. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963, na shule za bweni zilizopokea watoto kutoka mikoa ya mbali, hazikutegemea hotuba za umoja peke yake, ingawa hotuba zilikuwapo. Zilipanga vitanda. Waliopitia kambi kama Msange hapa Tabora bado wanawakumbuka wenzao wa kombania kwa majina, kwa sababu walibeba nao matofali. Siwezi kufanya kambi katika siku tano, lakini kanuni yake inaingia hata katika siku tano.

Yanayodhaniwa kuwa tiba

Dhana ya kwanza ninayokutana nayo ni vichangamsho. Baada ya chakula cha mchana watu wanasinzia, mwezeshaji anawasimamisha, wanapiga makofi ya kilo, wanaimba, wanacheka mpaka machozi. Sina ugomvi na makofi ya kilo, damu inatembea na macho yanafunguka. Ila angalia kinachotokea wimbo unapokwisha: kila mtu anarudi kwenye kiti chake, pembeni ya mwenzake wa gari. Wamecheka pamoja na hawajajuana. Kucheka na umati wa watu arobaini hakumlazimu mtu kujua jina la hata mmoja wao. Tena vichangamsho vingine vinawaumiza watu. Nimewahi kumwona mzee mtendaji wa kata, mtu wa heshima zake, akiamriwa na mwezeshaji wa umri wa mwanawe akate mauno mbele ya wanawake wa ofisi yake. Alikataa kwa kutabasamu, na kuanzia hapo hakuchangia neno hadi siku ya kufunga.

Dhana ya pili ni kuhesabu. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, moja, mbili..." Wa moja waende kule, wa mbili huku. Angalau hapa makundi yanavunjwa, na mimi mwenyewe nilitumia njia hii miaka mingi. Udhaifu wake unaonekana ukisimama nyuma ya kikundi na kutazama. Wanapewa swali moja pana, mfano "changamoto za utekelezaji ni zipi," pamoja na karatasi moja ya bango kitita na makapeni moja. Mmoja anaishika, mara nyingi mwenye cheo au mwenye mwandiko mzuri. Wawili wanamsaidia. Wanne waliobaki wanatazama simu, na wanafanya hivyo kwa haki, kwa sababu swali lile mtu mmoja angeweza kulijibu peke yake. Dakika ishirini baadaye wanarudi vitini bila kujua walikuwa na nani. Kuwakusanya watu duara moja hakujawapa sababu ya kuhitajiana.

Dhana ya tatu ni kwamba watu wazima waachwe wakae watakapo, kuwapangia viti ni kuwafanya watoto wa shule. Hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu ndani yake mna heshima. Jibu langu ni kwamba hawakuchagua. Yule kijana wa dirishani hakuchagua dirisha, alisukumwa huko na mkoba. Ukiacha viti huria, wanaochagua ni wenye cheo, waliowahi na waliokuja wengi. Waliobaki wanachaguliwa. Mtumishi aliyetoka peke yake kijiji cha mbali, aliyelala njiani na kufika saa tatu, anapata kiti kilichobaki na kundi lililobaki. Anayepoteza zaidi ukumbi ukiachwa ujipange ni yeye.

Wengine wananiambia, na hawa wengi ni wakuu wa idara, kwamba kuwachanganya wakubwa na wadogo kunavunja adabu. Sijaona adabu ikivunjika. Nilichokiona ni kinyume, adabu ikivunja mazungumzo. Kijana anamwamkia mkubwa shikamoo, mkubwa anaitikia marahaba, na baada ya hapo wote wawili wanasimama kimya na vikombe vyao, kwa kuwa salamu imekwisha kupanga nani aanze kusema na mwenye haki hiyo hana la kusema. Siiondoi shikamoo, na mwezeshaji anayewaambia watu "hapa hakuna shikamoo, sote ni sawa" anajidanganya, kwani Jumatatu ijayo watu hao watarudi katika ofisi yenye ngazi zake zote. Ninachofanya ni kumpa mdogo kitu ambacho mkubwa anakihitaji. Mkubwa akilazimika kuuliza, mdogo anajibu, na anajibu kwa adabu yake yote.

Kuna pia lile kundi la WhatsApp linalofunguliwa siku ya mwisho. Tazama yaliyomo kwenye simu yako. Wiki ya kwanza picha, ya pili salamu za Ijumaa na za Jumapili, ya tatu tangazo la msiba, kisha kimya. Kundi la simu linahifadhi ufahamiano uliokwisha kuwapo. Kama haukujengwa ukumbini, simu haitaujenga.

Ninavyopanga

Naanza na kadi. Nakata mifuniko ya boksi za karatasi za kuchapia, naandika namba kwa makapeni, nazibandika mezani kabla ya mtu yeyote kufika. Mlangoni kila mshiriki anachukua kadi yenye namba baada ya kusaini mahudhurio. Ninachotafuta ni meza ya watu watano au sita isiyo na watu wawili wa ofisi moja, na kama kazi zao zinatofautiana, basi yenye kazi tatu tofauti. Hii inataka orodha ya majina mapema, na waandaaji wengi huileta usiku wa kuamkia siku ya kwanza, ikiwa na majina yaliyobadilishwa. Ni kero kubwa ya kazi hii. Nimejifunza kuacha nafasi mbili wazi katika kila meza na kuzijaza papo hapo.

Kitu kimoja nilikosea vibaya, nakiri. Mwaka wa kwanza wa kadi nilimwambia mzee mmoja mbele ya watu ahame kiti kwa sababu hakuwa amekaa kwenye namba yake. Nilikuwa sahihi kuhusu namba na nilikosea kuhusu mtu. Siku hizi anayekataa kuhama simhamishi. Nawaleta wengine kwake.

Meza za siku ya kwanza zinadumu siku mbili nzima. Hapa natofautiana na wenzangu wengi wanaobadilisha vikundi kila zoezi ili "kila mtu akutane na kila mtu." Ukikutana na watu thelathini na tisa kwa dakika kumi kumi umekutana na majina. Nataka mshiriki aondoke na watu wanne au watano anaoweza kuwapigia simu bila kujieleza upya. Siku ya tatu nabadilisha mara moja, basi.

Kiini chote, hata hivyo, kiko kwenye kazi. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Elliot Aronson aliitwa katika shule za mji wa Austin, Texas, ambako watoto weusi, weupe na wa asili ya Mexico walikuwa wamewekwa darasa moja kwa mara ya kwanza na wanagombana. Hakuwahubiria. Aligawa somo vipande, kila mtoto wa kikundi akapewa kipande chake ajifunze na kuwafundisha wenzake. Mtoto aliyekuwa akidharauliwa akawa ndiye pekee mwenye ukurasa unaohitajika kwenye mtihani. Nimeazima kanuni hiyo kwa watu wazima. Zoezi langu la zahanati lina karatasi tano: leja ya dawa, idadi ya wagonjwa kwa mwezi, bajeti, muhtasari wa kikao cha kamati ya afya ya kijiji, na barua ya malalamiko ya mwananchi. Kila mmoja anapewa yake. Masharti ni mawili: usimpe mwenzako karatasi, msimulie kwa mdomo, na uamuzi wa kikundi haufikiwi bila karatasi zote tano. Ile yenye jambo linalogeuza uamuzi, mara nyingi barua ya mwananchi, naipeleka kwa makusudi kwa mwenye cheo cha chini kabisa mezani. Mwenyekiti wa kikundi simfanyi mwenye cheo cha juu kamwe, na anayetoa maoni ya kwanza ni mwenye miaka michache kazini. Mkubwa akisema kwanza, wengine wanakubaliana naye, na huo unakuwa mwisho wa kikundi.

Mara ya kwanza nilipolitumia, meza moja ilikuwa na ofisa wa ngazi ya wilaya na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, dada wa miaka ishirini na kidogo. Alishika barua yake kwa mikono miwili, ameikunja katikati. Wenzake walikuwa wamekwisha kuamua, bajeti na leja vilikubaliana. Akasema kwa sauti ya chini, "Samahanini wakubwa, lakini huku kwangu mama anasema zahanati hufungwa saa sita." Ofisa akavua miwani. "Rudia hapo." Akarudia. Kazi yote ikaanza upya, na kuanzia saa ile yule ofisa kila alipotaka kusema jambo alimgeukia kwanza yule dada.

Chakula nacho nakipanga, pale mpishi anapokubali. Foleni ndefu ya sahani moja moja inawarudisha watu kwenye magari yao. Sinia ya watu wanne inawaweka uso kwa uso, na kabla ya sinia kuna birika la kunawa ambalo lazima mmoja ammwagie mwingine. Huwezi kummwagia mtu maji mikononi bila kumtazama. Wapo wasiokula sinia moja na wengine, kwa sababu za afya au malezi, na hao wanapewa sahani mezani hapohapo bila maswali. Ikishindikana kabisa, napakua kwa meza: meza namba tatu inaitwa, inakwenda pamoja, inarudi pamoja.

Malazi yamenishinda mpaka leo. Saa kumi na moja jioni kazi yote ya mchana inapanda magari na kurudi gesti nane tofauti. Nimeomba waandaaji walaze watu pamoja. Jibu huwa ni kwamba mtu na posho yake, akilala anakotaka ni haki yake, na jibu hilo ni sahihi. Wanawake hasa wana sababu nzito za kulala karibu na wanaowafahamu. Kwa hiyo siwagusi. Namaliza saa tisa na nusu, kahawa na karanga zinabaki mezani nusu saa, anayetaka kubaki anabaki.

Pia kuna wakati wa kutochanganya. Mtu hawezi kueleza udhaifu wa ofisi yake mbele ya mkubwa wa ofisi hiyo, na hapo wenye cheo nawaweka chumba chao. Siku ya mwisho, baada ya chai, narudisha watu wa ofisi moja pamoja, kwa sababu mpango wa kazi utatekelezwa na wao. Wanarudi wakiwa wamebeba vitu. Utamsikia mmoja anasema, "Wenzetu Igunga wanafanya hivi," na mwingine anabisha, "Mbona mimi wa Sikonge kaniambia tofauti?" Nikisikia ubishi huo, najua kazi imefanyika. Kipimo changu kingine nakitoa asubuhi ya siku ya tatu, kwenye kipande cha karatasi kisicho na jina: andika watu watatu wasio wa ofisi yako na kila mmoja ana tatizo gani kazini. Wengi huweza kuandika majina. Nasoma mstari wa tatizo. Ukiwa mtupu kwa wengi, kosa ni langu na bado nina siku mbili za kulirekebisha.

Na kabla ya mgeni rasmi kufunga, naomba dakika tano. Kila mtu anachagua mmoja wa meza yake ambaye atamhitaji mwezi ujao, anaandika atamhitaji kwa lipi, kisha anampigia simu palepale, ukumbini, wamekaa mita mbili. Namba iliyoandikwa kwenye daftari hupotea na daftari. Namba iliyopiga inabaki kwenye simu. Simu arobaini zinaita kwa pamoja, watu wanapokea, wanaongea huku wanatazamana, kelele haivumiliki. Mara ya mwisho, dereva wa Nzega alikuwa amekwisha kuwasha gari nje na anapiga honi, na mama mmoja, mtandio begani, mkoba mkononi, alikuwa bado amesimama katikati ya safu mbili za viti, kidole kimoja sikioni, anamwambia mtu wa Kaliua aliyekuwa mbele yake, "Subiri, usikate, hiyo fomu unaijaza wewe au mkurugenzi?"